Michemraba minne, namba nne: jinsi ya kulifumbua fumbo la mnara bila kubahatisha

Una michemraba minne. Kila uso umeandikwa namba moja kati ya 1, 2, 3 na 4. Ipange mmoja juu ya mwingine iwe mnara, na kila upande wa mnara huo, mbele, nyuma, kushoto na kulia, uonyeshe namba zote nne bila hata moja kujirudia. Zifuatane vyovyote: 3, 1, 4, 2 inakubalika sawa na 1, 2, 3, 4. Juu, chini, na zile nyuso zinazolaliana katikati ya mnara hazihesabiwi.

Sharti ni hilo tu, na ndiyo maana mtu akipewa huishika kwa dharau. Baada ya nusu saa utamkuta ana pande tatu safi, na wa nne una 3 mbili. Anageuza mchemraba mmoja arekebishe, pande mbili nyingine zinaharibika. Anarudi nyuma, hakumbuki alikotoka.

Fumbo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1900 Frederick Schossow alipata hataza Marekani kwa michemraba ya namna hii yenye alama za karata: kopa, uru, shupaza na pau. Mwaka 1967 kampuni ya Parker Brothers ikaiuza ikiwa na rangi nne kwa jina la Instant Insanity, yaani wazimu wa papo kwa papo. Mimi napendelea namba, kwa sababu rangi zinakuvuta kuendelea kutazama, ilhali namba zinakuvuta kushika kalamu. Na fumbo hili hufumbuliwa kwa kalamu. Mikono inakuja mwisho kabisa.

Kutengeneza michemraba yako

Ukiwa na masalia ya mbao kutoka kwa seremala, kata vipande vinne vya sentimita 4 kila upande, upige msasa, uandike. Kama huna, karatasi ya manila inatosha. Chora msalaba wa miraba sita: minne ifuatane kwenda chini, na miwili iwe mabawa, mmoja kila upande wa mraba wa pili. Kwa miraba ya sentimita 4 na vikunjo vya gundi vya sentimita 1, misalaba miwili inaenea kwenye ukurasa mmoja wa A4, kwa hiyo kurasa mbili zinamaliza kazi. Kabla ya kufunga uso wa mwisho, jaza ndani karatasi iliyofinyangwa, la sivyo mnara utabonyea.

Andika hivi:

Mchemraba A: katikati kwenda chini 1, 1, 2, 3, mabawa 1 na 4
Mchemraba B: katikati kwenda chini 2, 4, 3, 4, mabawa 1 na 4
Mchemraba C: katikati kwenda chini 3, 1, 4, 2, mabawa 3 na 3
Mchemraba D: katikati kwenda chini 1, 2, 4, 3, mabawa 1 na 3

Weka pia herufi ya mchemraba kwa maandishi madogo kwenye kona ya uso mmoja, usije ukachanganya B na C.

Kwa nini kugeuzageuza hakusaidii

Mchemraba mmoja unaweza kukaa mezani kwa namna 24: unachagua uso upi kati ya sita ulale chini, kisha unauzungusha mara nne. Michemraba minne ni 24 mara 24 mara 24 mara 24, yaani namna 331,776. Kweli, kuuzungusha mnara mzima au kuupindua kichwa chini hakubadilishi kitu, kwa hiyo gawanya kwa 8: zinabaki 41,472. Ukijaribu moja kila sekunde kumi, bila kula wala kulala, utatumia zaidi ya saa 115. Na hapo nimechukulia kwamba hurudii namna uliyokwisha kuijaribu, jambo ambalo sijaona mtu akiliweza.

Sasa tuanze.

Hatua ya kwanza: andika nyuso zinazopeana mgongo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiielewa, zilizobaki zinafuata.

Usimtazame mchemraba kama kitu chenye nyuso sita. Mtazame kama kitu chenye jozi tatu. Uso ukiwa mbele, ule unaopeana nao mgongo uko nyuma, hauna mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo kila mchemraba ukiwa ndani ya mnara, jozi moja inakaa mbele na nyuma, jozi nyingine inakaa kushoto na kulia, na ya tatu inafichwa juu na chini. Huchagui tena kati ya namna 24. Unachagua tu jozi ipi iende wapi.

Kwenye msalaba, mraba wa kwanza unapeana mgongo na wa tatu, wa pili na wa nne, na mabawa yanapeana mgongo yenyewe kwa yenyewe. Jozi zetu basi ni hizi:

A: 1-2, 1-3, 1-4
B: 2-3, 4-4, 1-4
C: 3-4, 1-2, 3-3
D: 1-4, 2-3, 1-3

Waliozoea dadu za ludo wajihadhari hapa. Kwenye dadu, nyuso zinazopeana mgongo hujumlisha 7, na jicho lenye mazoea hayo huanza kukisia jozi badala ya kuzisoma. Shika kila mchemraba, usome. Mara ya kwanza nilipojitengenezea seti, uso mmoja wa B niliuandika 2 mahali pa 3, nikakesha na fumbo ambalo halikuwa langu tena. Tangu siku hiyo sianzi kabla ya hesabu inayofuata.

Hatua ya pili: hesabu namba zote 24

Kwenye michemraba yote minne kwa pamoja, 1 zipo saba, 2 zipo nne, 3 zipo saba, 4 zipo sita. Jumla 24. Ukipata tofauti na hizi, umekosea kuandika. Tafuta kosa sasa hivi.

Hesabu hii ina kazi kubwa kuliko kukagua. Mnara una pande nne, na kila upande unataka kila namba mara moja. Kwa hiyo kila namba lazima ionekane mara nne kamili, si zaidi, si pungufu. Kinachozidi nne lazima kifichwe juu na chini. Yaani:

zifichwe 1 tatu, 3 tatu, 4 mbili, na 2 isifichwe hata moja.

Jumla nane, na nyuso za kufichwa ni nane hasa, mbili kwa kila mchemraba. Inafungana.

Hatua ya tatu: tafuta kinachofichwa

Watu wengi wakifika hapa hukimbilia kupanga upande wa mbele. Subiri. Vilivyofichwa ndivyo vyenye masharti makali zaidi, na jambo lenye masharti makali ndilo rahisi kulimaliza.

Hakuna 2 ya kuficha. Basi futa kila jozi yenye 2 kwenye orodha ya wanaoweza kufichwa. Zinabaki:

A: 1-3 au 1-4
B: 4-4 au 1-4
C: 3-4 au 3-3
D: 1-4 au 1-3

Tunataka 1 tatu zifichwe. A atatoa moja kwa vyovyote. D atatoa moja kwa vyovyote. C hana ya kutoa. Ya tatu lazima itoke kwa B, na B ana 1 kwenye jozi moja tu. Kwa hiyo B anaficha 1-4. Mchemraba mmoja umekwisha kujulikana, na bado hatujagusa chochote.

Tunataka pia 4 mbili. B ametoa moja. Iliyobaki itoke kwa mmoja tu kati ya A, C na D. Wengine wawili watoe 3. Kwa hiyo kuna njia tatu, hakuna ya nne:

Njia ya kwanza: A anaficha 1-4, B 1-4, C 3-3, D 1-3.
Njia ya pili: A anaficha 1-3, B 1-4, C 3-4, D 1-3.
Njia ya tatu: A anaficha 1-3, B 1-4, C 3-3, D 1-4.

Kila mchemraba una jozi tatu za kuchagua ya kuficha, kwa hiyo tulianza na uwezekano 81. Tumebaki na 3.

Hatua ya nne: gawanya zilizobaki makundi mawili

Kila mchemraba sasa umebakiza jozi mbili. Moja iende kundi la mbele na nyuma, nyingine kundi la kushoto na kulia. Kila kundi litakuwa na jozi nne, namba nane, na sharti ni kwamba kila namba itokee mara mbili kamili: mara moja upande mmoja, mara moja upande wa pili.

Mdokezo wa kuanzia: tafuta jozi mbili ambazo haziwezi kukaa pamoja. Jozi yenye namba pacha, kama 4-4, ndiyo ya kuwinda kwanza, maana peke yake imekwisha kujaza nafasi zote mbili za namba hiyo.

Njia ya pili: zimebaki A 1-2 na 1-4, B 2-3 na 4-4, C 1-2 na 3-3, D 1-4 na 2-3. A 1-4 haiwezi kukaa na B 4-4, zitakuwa 4 tatu. Basi B 4-4 inakaa na A 1-2, na kundi hilo linadai 1, 2, 3 na 3. C akitoa 1-2, D atoe 3-3, hana. C akitoa 3-3, D atoe 1-2, hana. Njia imekufa.

Njia ya tatu: A na B wana jozi zile zile, kwa hiyo tena B 4-4 inakaa na A 1-2, linadaiwa 1, 2, 3 na 3. C ana 3-4, inayoleta 4 ya tatu, au 1-2, inayomdai D 3-3. Hana. Imekufa.

Njia ya kwanza: A 1-2 na 1-3, B 2-3 na 4-4, C 3-4 na 1-2, D 1-4 na 2-3. C 3-4 haikai na B 4-4. Kwa hiyo C 3-4 iko pamoja na B 2-3. Kundi hilo linadai 1, 1, 2 na 4. A akitoa 1-3 zitakuwa 3 tatu, kwa hiyo anatoa 1-2, na D anamalizia na 1-4. Tazama kundi la pili linalobaki: A 1-3, B 4-4, C 1-2, D 2-3. Hesabu: 1 mbili, 2 mbili, 3 mbili, 4 mbili.

Imekubali. Na kwa kuwa njia nyingine zote zimekufa, hakuna mgawanyo mwingine wa jozi unaofaa.

Hatua ya tano: kuzipa jozi mwelekeo

Kundi lenye A 1-2 tuliweke mbele na nyuma, la pili kushoto na kulia. Lakini ipi mbele, 1 au 2? Hapa unafuata mnyororo. Anza na A: mbele 1, nyuma 2. Namba iliyoenda nyuma, 2, bado inadaiwa mbele. Nani mwingine ana 2 kwenye kundi hili? B, mwenye 2-3. Aweke 2 mbele, 3 nyuma. Nani mwingine ana 3? C: 3 mbele, 4 nyuma. D: 4 mbele, 1 nyuma. Mnyororo umerudi ulikoanzia.

Kundi la pili vivyo hivyo. A: kushoto 1, kulia 3. Mwenye 3 nyingine ni D: kushoto 3, kulia 2. Mwenye 2 nyingine ni C: kushoto 2, kulia 1. Umerudi. B na 4-4 yake hana la kuchagua.

Sasa ndiyo unashika michemraba:

A: mbele 1, nyuma 2, kushoto 1, kulia 3
B: mbele 2, nyuma 3, kushoto 4, kulia 4
C: mbele 3, nyuma 4, kushoto 2, kulia 1
D: mbele 4, nyuma 1, kushoto 3, kulia 2

Mwenye jicho kali ataniuliza: je, ikiwa mchemraba wangu umekunjwa kinyume na wako, kama mkono wa kushoto na wa kulia? Haidhuru. Ukitaka 1 na 2 zibadilishane mbele na nyuma bila kuvuruga kushoto na kulia, ubane mchemraba kwa vidole viwili, kimoja uso wa kushoto na kingine wa kulia, uuzungushe nusu duara. Mbele imekwenda nyuma, na kilichopinduka kingine ni juu na chini tu, ambako hakuna anayetazama. Kwa kushoto na kulia, bana mbele na nyuma, ufanye vile vile. Ndiyo maana jozi peke yake zilitutosha tangu mwanzo.

Weka mnara, uuzungushe taratibu, soma kila upande kwa sauti. Mbele 1, 2, 3, 4. Nyuma 2, 3, 4, 1. Kushoto 1, 4, 2, 3. Kulia 3, 4, 1, 2.

Hesabu ikigoma: njia ya nukta na mistari

Seti yetu ilikuwa na ukarimu: 2 zilikuwa nne tu, zikatufutia nusu ya kazi. Utakutana na seti ambayo kila namba ipo mara sita, na hapo kuhesabu vilivyofichwa hakukupi chochote cha haraka. Kwa hizo kuna mchoro uliochapishwa mwaka 1947 katika Eureka, jarida la wanafunzi wa hisabati wa Cambridge, kwa jina la utani F. de Carteblanche.

Chora nukta nne, uziite 1, 2, 3, 4. Kila jozi ni mstari unaounganisha namba zake mbili, na juu ya mstari unaandika herufi ya mchemraba. A 1-2 ni mstari kutoka nukta 1 hadi 2 wenye herufi A. Jozi pacha kama B 4-4 ni kitanzi kinachotoka nukta 4 na kurudi pale pale. Itakuwa mistari 12.

Kisha unatafuta kundi la mistari minne, A, B, C na D mmoja mmoja, ambapo kila nukta inaguswa na ncha mbili hasa (kitanzi kinahesabiwa ncha mbili). Unahitaji makundi mawili ya namna hiyo yasiyotumia mstari mmoja kwa pamoja.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha watu. Kwenye seti yetu ukichora utaona mzunguko mzuri sana: A 1-2, D 2-3, C 3-4, B 1-4. Unakamilika, unavutia, na ndio unaoonekana mapema. Lakini ukitafuta mwenzake unapata mmoja tu wa kudhaniwa, ule wa A 1-3, B 4-4, C 1-2, D 2-3, na wote wawili wanataka mstari wa D 2-3. Jozi moja haiwezi kuwa mbele na kushoto kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usiridhike na mzunguko wa kwanza. Orodhesha yote kwanza, ndipo uanze kuoanisha. Kwetu ni mitatu tu.

Kutunga la kwako

Anza na jibu. Chora makundi mawili yanayotimiza sharti, gawa herufi, kisha mpe kila mchemraba jozi ya tatu upendavyo. Hiyo ya tatu ndiyo takataka ya kumpoteza mchezaji, lakini takataka nayo inaweza kufungua mlango. Chukua seti hii hii, ubadilishe 1-3 ya D iwe 2-4: utapata mnara wa pili, ukitumia A 1-2, B 1-4, C 3-3 na D 2-4 kwa mbele na nyuma, na kundi lile lile kwa kushoto na kulia. Kwa hiyo kila ukibadili uso mmoja, chora upya.

Na kama umetengeneza seti kwa msalaba nilioutoa juu ili umpe mtu, usimwache akuone ukikata. Mabawa yote manane nimeyaweka kwenye jozi za kufichwa, na mtoto mmoja mwerevu aliligundua hilo kabla sijamaliza kupaka gundi. Kwa A, hamisha: katikati 1, 1, 2, 4, mabawa 1 na 3. Jozi ni zile zile, nami wakati huu nimenyamaza.